Jaji wa Tatu

Nachingwea,
11 Agosti 2024

Shangazi yangu Mwantumu,

Shikamoo. Pokea salamu zangu na za Baba kwa pamoja, maana nilipokuwa Naipingo mwezi uliopita alinisisitizia nisikusahau nikirudi shuleni. Anaendelea vizuri, isipokuwa goti la kushoto linalomsumbua akipanda mlima wa shamba. Ufuta wameshapura wote. Amepaka chokaa chumba cha mbele, na anasema ni chako ukija.

Mimi ni mzima. Tumeanza kidato cha sita kwa kishindo, na kwa kuwa simu haziruhusiwi bwenini, nitakuandikia kama zamani.

Shangazi, tumetengeneza filamu! Klabu yetu ina kamera moja ya Mwalimu Filbert, mlezi wetu. Alituonyesha mtindo mmoja wa zamani unaoitwa filamu nyeusi. Hakuna rangi. Kuna vivuli, mvua, mwanamume mwenye koti refu, na kila mtu anaficha jambo. Mwisho wake hakuna anayetoka msafi. Nilipoona tu, nikajua hadithi ninayo.

Inaitwa "Ghala Namba Mbili". Mlinzi wa ghala la korosho anafika kazini asubuhi na kukuta magunia hayapo, na kufuli halijavunjwa. Ufunguo ni mmoja na anao yeye, kwa hiyo anafungwa. Ndiyo, ni habari ya Baba. Lakini mwizi nimemtunga mwenyewe. Ni mnunuzi kutoka mbali, na kuna mwanamke anayechapa ufunguo wa mlinzi kwenye kipande cha sabuni ili mnunuzi achongeshe mwingine. Hiyo sehemu nimeibuni yote.

Nimeandika na kuongoza mimi. Lukumani ni mlinzi, Scholastika ni yule mwanamke. Usiku tumeupiga mchana, madirisha tumeziba kwa magunia, mvua ni mpira wa bustani juu ya bati. Koti la mpelelezi ni la mvua la bodaboda.

Nimeiweka kwenye flashi na kumpa kondakta wa basi la asubuhi. Mwisho wa Septemba tunaipeleka kwenye mashindano ya filamu za wanafunzi ya kanda. Wewe ndiye mwalimu wangu wa kwanza wa Kiswahili, na ndiye uliyenilea Baba alipokuwa gerezani. Naomba uitazame kabla ya mtu mwingine na uniambie ukweli.

Mwanao,
Hajra


Nkowe,
2 Septemba 2024

Mwanangu Hajra,

Marahaba, na Mungu akukuze. Huku Nkowe hatujambo. Mikorosho imetoa maua vizuri mwaka huu. Paa la jiko limevuja lakini fundi amelishika. Mwambie kaka Bashiri ajichue goti kwa mafuta ya nazi ya moto, asimeze vidonge ovyo.

Flashi niliipata siku ileile, nimechelewa kujibu mimi. Mwalimu Hafidha wa hapa shuleni aliniazima kompyuta yake, nikaitazama peke yangu ofisini, mara mbili.

Uliomba ukweli. Vivuli ni vizuri sana. Pale uso wa mlinzi unapokatwa na mistari ya mwanga wa dirishani, nilisahau kuwa ni Lukumani mpiga ngoma wa shule. Mvua yenu inasikika kama mvua. Scholastika anatabasamu mno, ila mwanamke mwenye siri hatabasamu hivyo, huwa anatafuta kazi ya mikono. Kwenye tukio la kuagana kuna jogoo anawika hadi mwisho. Na sauti ya msimulizi inasema kile tunachokiona tayari kwa macho. Punguza.

Sasa nakuambia jambo jingine, na ulisikilize kama mwanangu. Usiipeleke. Umechukua maisha ya baba yako na kuyaweka ukutani yatazamwe na watu. Alihama huku Ruangwa akaenda Naipingo ili pawe mahali ambapo hakuna anayemjua kwa jina lile la mwizi. Kwa nini umrudishie? Una kipaji, tunga kingine. Andika habari za wachimbaji, za mtu aliyepotea mgodini, watu watapenda. Hii weka kabatini.

Nimekutumia kanga na sabuni za kufulia. Soma sana.

Shangazi yako,
Mwantumu


Nachingwea,
22 Septemba 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Kanga imenipendeza, wenzangu wote wameiulizia. Goti la Baba limepata nafuu kwa yale mafuta.

Jogoo nimemtoa. Msimulizi nimempunguza karibu nusu, na ulikuwa sahihi. Scholastika sasa anakunja nguo muda wote anapodanganya. Mwalimu Filbert aliuliza nani kanipa wazo hilo, nikasema shangazi yangu, kwa majivuno.

Lakini kuhusu kuiweka kabatini, nisamehe, sitaweza. Kabla sijakujibu nilitaka Baba aione kwanza. Alikuja siku ya wazazi, tukamwekea kiti cha mbele darasani. Lukumani alipotembea kilinzi-linzi Baba alicheka, akasema, "Mimi sikuwa natembea kama bata." Kisha akaitazama mpaka mwisho. Akaomba turudie pale mlinzi anapotoka gerezani na kukuta mlango wa nyumba yake umefungwa kwa nje.

Nilimuuliza, "Baba, nisiipeleke?"

Akasema, "Ipeleke. Miaka kumi watu wanaisema wao. Acha na wewe uiseme."

Kwa hiyo tumeipeleka Ijumaa. Najua hutafurahi, ila najua pia hutanikasirikia muda mrefu. Niombee.

Hajra


Nkowe,
19 Oktoba 2024

Hajra,

Marahaba mwanangu. Natumaini masomo yanakwenda. Hapa watu wote wako mashambani kuokota korosho na mnada wa kwanza umekaribia, hivyo darasani wanafunzi ni wachache. Mafua yamenishika wiki nzima. Isitoshe nimepewa kazi moja ya kanda inayonimaliza macho, sina ruhusa ya kuieleza.

Nakutumia madaftari manne. Msalimie baba yako, mwambie Desemba huenda nisije.

Mwantumu


Nachingwea,
24 Novemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Baba ameanza kuvuna. Mafua yako natumaini yamekwisha.

Matokeo yametoka. Filamu tatu za kwanza ndizo zinazokwenda kuonyeshwa Mtwara, na yetu imekuwa ya nne. Mwalimu Filbert alishangaa, akaomba nakala za karatasi za majaji. Hazina majina. Jaji wa kwanza katupa sabini na nane, akaandika kwamba hajaona wanafunzi wakitumia giza kwa akili namna ile. Wa pili katupa themanini na moja. Jaji wa tatu katupa ishirini na tisa.

Wenzangu walilia. Mimi sikulia, kwa sababu nilikuwa natazama mwandiko. Herufi "k" yenye mguu uliokunjwa. Mstari chini ya neno, uliopigwa kwa rula. Shangazi, nimeusoma mwandiko huo tangu nina miaka minane, ubaoni na kwenye karatasi ulizobandika ukutani kwako ili nijifunze kusoma. Kazi ya kanda iliyokumaliza macho ilikuwa sisi.

Ningeelewa kama ungewaambia wakubwa wa mashindano, "Huyu ni mtoto wa kaka yangu, filamu yake wapeni wengine." Ningeelewa hata ungetupa hamsini. Lakini filamu hii uliiona, ukanifundisha kuirekebisha, ukasifu vivuli vyake, kisha ukaandika kwenye karatasi kwamba "picha ni hafifu na hazina ubunifu". Wewe huyohuyo.

Hilo nilitaka kulimeza. Kinachonizuia ni maelezo yako ya dakika ya kumi na nne, kwenye tukio la sabuni. Nayanakili kama yalivyo:

"Si kweli hata kidogo. Kufuli za namna hii huuzwa na funguo mbili. Mwizi hakuwa na haja ya sabuni. Ufunguo wa pili ulikuwepo, ukiwa na uzi mwekundu. Waandishi wachunguze kabla ya kuandika."

Shangazi, wewe ndiye uliyenifundisha tofauti ya "-nge-" na "-li-". Ulinichapa kiganja kwa kuzichanganya. Hukuandika "ungekuwepo". Uliandika "ulikuwepo".

Filamu yetu haina ufunguo wa pili wala uzi mwekundu. Nilimwomba Mwalimu Filbert simu, nikampigia Baba, nikamuuliza kama ghala lilikuwa na ufunguo mwingine. Akasema, "Mahakamani karani wa ghala aliapa kwamba ule mwingine ulipotea kabla mimi sijaajiriwa. Ndiyo maana nikafungwa. Kwa nini unauliza?"

Nikamwambia ni kwa ajili ya filamu.

Karani alikuwa mume wako, mjomba Faridi, Mungu amrehemu. Naomba uniambie tu kwamba nimekosea.

Hajra


Nkowe,
28 Desemba 2024

Hajra,

Salamu. Barua yako ilinikuta, nimekaa nayo mwezi mzima kwa sababu sikutaka kukujibu kwa hasira.

Sikujua kwamba mtoto niliyembeba mgongoni akiwa na homa, niliyemsukia nywele kila Jumapili, niliyemlipia sare, atafika siku ya kunihoji kama askari. Umekosea mwandiko. Walimu wengi wa umri wangu huandika hivyo, tulifundishwa chuo kimoja. Na hata kama ningekuwa mimi, kazi ya jaji ni siri, na filamu ya mtoto wa nyumbani haipaswi kupendelewa. Kuhusu ufunguo, kila mtu anajua kufuli huuzwa na funguo mbili. Ni jambo la kawaida, halihitaji mtu kuwa mwizi ili alijue.

Marehemu mume wangu amelala kaburini. Usimfukue kwa sababu umekosa safari ya Mtwara.

Umenisaliti, Hajra. Nilikupa nyumba, wewe umenigeuzia kamera.

Mwantumu


Naipingo,
3 Januari 2025

Shangazi,

Sikuandika shikamoo kwa makusudi, na mkono wangu umekuwa mzito kwa hilo.

Uzi mwekundu. Hukuutaja kwenye jibu lako. Umetaja mgongo, nywele, sare na chuo, ukauruka uzi.

Niko nyumbani kwa likizo. Baba anakaanga korosho uani sasa hivi. Jana alisema, "Mwaka huu dada hajaja, labda nimemkosea mahali." Amekaa anatafuta alipokosea, Shangazi. Mimi namtazama.

Sijamwambia kitu. Sitaandika tena mpaka uandike wewe.

Hajra


Nkowe,
16 Februari 2025

Hajra mwanangu,

Nimeandika barua hii mara tano na kuzichana nne. Hii ya tano sitaisoma tena, nitaibandika na kuipeleka stendi kabla sijabadili nia.

Ni mimi jaji wa tatu. Nilipopewa zile filamu sita, yenu ilikuwa juu. Ningeweza kuirudisha kwa neno moja. Sikuirudisha. Niliwaza watu wa huku waliokuwepo wakati ule, wameketi Mtwara wanaitazama, na mmoja wao anamgeukia jirani na kusema, "Hivi ule ufunguo mwingine ulikwenda wapi?" Nilitaka swali hilo lisiulizwe. Ndipo kwa ujinga wangu nikaliuliza na kulijibu mwenyewe. Nilipofika kwenye ile sabuni nilikasirika. Nilijiona nasahihisha insha yenye uongo. Mkono ukaandika ninachokijua.

Ufunguo ulikuwa kwenye kopo la chumvi. Niliuona wiki mbili kabla ya kesi, nikipika. Ulikuwa na uzi mwekundu ambao mimi mwenyewe niliufunga zamani, Faridi alipouleta nyumbani mara ya kwanza ili asiuchanganye na wa kabati. Nikamwita, nikamshikia mbele ya uso. Hakukana. Alisema magunia yameshavuka, wenzake ni watu wabaya, na nikifungua mdomo tutaangamia wote. Akasema hakuna ushahidi mzito dhidi ya kaka Bashiri, ataachiwa. Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini.

Kaka aliniomba nikamtetee kwa tabia yake. Nikasimama mahakamani, nikaapa, nikasema kaka yangu hajawahi kuchukua hata yai la mtu. Hakimu hakuniuliza habari ya ufunguo. Nilimshukuru Mungu kwamba hakuniuliza. Hilo ndilo ninaloona aibu kulikumbuka kuliko yote, kwamba nilishukuru.

Siku ya hukumu Faridi aliniambia nikae kimya mwezi mmoja tu, mambo yatulie. Mwezi ukawa mwaka. Mama yetu alikuwa anaumwa, nikasema nikitoboa siri pigo hili litamuua. Kisha wewe ukaja na begi lako dogo, mama yako keshafariki, baba yako yuko ndani, nikajiambia nitakulea vizuri na hayo ndiyo yatakuwa malipo. Kaka alipotoka, nikaona amezeeka, nikashindwa. Faridi alipofariki mwaka 2020 nilitumbukiza ule ufunguo chooni.

Nilikupenda kweli. Naomba usifikiri yale mapenzi yalikuwa ya uongo. Lakini nilikuandikia kwamba umenisaliti, na wakati naandika nilijua neno hilo ni la nani.

Nakuomba kitu kimoja. Usimwambie wewe. Niachie mimi. Mwezi wa Ramadhani umekaribia, nitaufunga, na siku ya Idi nitakuja Naipingo nimwambie kaka kwa mdomo wangu. Nipe mpaka Idi.

Shangazi yako, kama bado ninaweza kuitwa hivyo,
Mwantumu


Naipingo,
2 Aprili 2025

Shangazi,

Tulipewa siku tatu za Idi, ndiyo maana nakuandikia nikiwa nyumbani. Mtihani wa mwisho ni mwezi ujao. Mwalimu Filbert amepeleka malalamiko kwa wakubwa wa mashindano, na mimi nimemwomba ayaondoe. Sitaki tena iamuliwe na watu wa karatasi.

Nilikupa mpaka Idi kama ulivyoomba. Nilikaa na barua yako ndani ya daftari la Historia wiki sita, nikalala nayo, nikafunga nayo mwezi mzima. Baba nilimwambia tu kwamba unakuja na una maneno ya kusema naye. Alifurahi sana. Alifagia kile chumba mwenyewe. Baada ya swala ya Idi hakurudi nyumbani na wenzake. Alikwenda kusimama njia panda wanakoshushia abiria, na kanzu yake, kila gari dogo likisimama anasogea. Alasiri nilimfuata.

Akasema, "Labda gari limeharibika njiani."

Nilikupigia kwa simu yake mara tatu. Iliita.

Nikajua hutakuja. Si siku hiyo, wala Idi nyingine. Nilipomrudisha nyumbani nikamwambia, "Baba, nina barua ya Shangazi."

"Anaumwa?"

"Haumwi."

"Basi isome."

Niliisoma yote, sikuruka neno. Nilipofika kwenye kopo la chumvi akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Nilipofika mahakamani aliinua mkono kama anataka kunisimamisha, kisha akaushusha, nikaendelea. Nilipomaliza alikuwa ametazama chini. Jirani alipita na sinia la pilau, akasema Idi njema, Baba akamjibu vizuri kabisa, akapokea lile sinia kwa mikono miwili, akaliweka chini, akarudi kukaa vilevile.

Nilidhani atamzungumzia mjomba Faridi. Hakumtaja hata mara moja. Alisema, "Alikuwa anakuja kila mwezi. Kila mwezi, Hajra, na sabuni na sukari. Anakaa pale upande wa pili, analia. Wenzangu mle ndani walikuwa wanasema, Bashiri, wewe una dada. Nikawa najivunia. Nilikuwa nambembeleza mimi. Mimi mfungwa ndiye namwambia yeye asilie."

Nikamuuliza nikuandikie nini.

Akasema, "Wewe andika yako."

Yangu ni haya. Mapenzi yako hayakuwa ya uongo, naamini. Ndiyo yanayoniuma. Ungekuwa mtu mbaya ningekuwa nimemaliza. Lakini kila kitu kizuri nilichojifunza utotoni nilijifunza nyumbani kwako, na chumvi ya chakula changu ilitoka kwenye kopo lile. Sijui nifanye nini na jambo hilo. Usinitumie tena kanga wala madaftari. Usinijibu kwa sasa. Kama kuna mtu wa kumjibu, ni watu wa Nkowe wanaomwita baba yangu mwizi mpaka leo. Hao unaishi nao. Waambie.

Nilikuwa nimeshaifunga barua hii Baba alipoingia na kuomba kalamu. Unajua yeye si mwandishi. Alisema nimwachie nafasi chini, nisimsaidie wala nisimsahihishe. Imemchukua muda mrefu.

Hajra


Mwantumu.

Mama alikufa mimi ndani. Alikufa anajua mimi mwizi. Wewe ulikuwa hapo kitandani unamshika mkono.

Mimi Bashiri